Shafti imesokotwa kama kamba? Subiri kwanza, soma namba!

Leo naomba tuongelee ile picha. Ile ya shafti yenye rangi za upinde wa mvua, bluu upande mmoja, nyekundu upande wa pili, imesokotwa kama nguo inayokamuliwa na mwisho wake umevimba kama mdomo wa tarumbeta. Huku kwetu Masanze nimeiona kwenye simu za watu zaidi ya mara moja, na kila ikionyeshwa maneno ni yaleyale: "Unaona kompyuta inavyosema? Shafti yako haiwezi huu mzigo. Weka nene."

Mwenye mashine ya kusaga akiuona wekundu ule anaingia mfukoni. Na hela yenyewe mara nyingi ni ya mavuno, ndiyo hiyohiyo ya ada na ya mbegu za msimu ujao. Sisemi kwamba kila anayeonyesha picha ile ni tapeli. Wengine wanaiamini kabisa. Ninachosema ni kwamba picha ile, ikiwa peke yake, haijasema shafti inakatika wala haijasema iko salama. Imesema kitu kingine kabisa, na leo tutakisoma pamoja polepole.

Mimi si injinia, nimeishia kidato cha nne. Ila hesabu zinazohitajika hapa ni kuzidisha na kugawanya tu, kwa hiyo usikimbie!

SHAFTI INASOKOTWA NA NINI?

Shafti kazi yake ni kupeleka mzunguko kutoka hapa kwenda pale. Mota inazungusha upande mmoja, mzigo unagoma upande wa pili, katikati chuma kinasokotwa. Ile nguvu ya kusokota mafundi wanaiita toki, na kipimo chake ni nyutoni mita.

Mifano tunaishi nayo. Mashine ya kusaga ya kijijini. Pawatila shambani. Propela shafti ya lori linalokatiza hifadhi ya Mikumi kuelekea Iringa. Shuka chini njia ya Ifakara mpaka Kidatu, kuna kituo cha umeme chenye mitambo 4 ya megawati 51 kila mmoja, jumla megawati 204, na kila mtambo una shafti inayounganisha tabini ya maji na jenereta. Jirani hapo kuna viwanda vya sukari vya Kilombero, ambako rola za kukamulia miwa huzunguka taratibu sana, mizunguko michache tu kwa dakika.

Hapo kwenye utaratibu pana siri. Kwa nguvu ileile ya mota, kitu kinachozunguka polepole kinabeba toki kubwa zaidi. Ndiyo maana shafti za rola za miwa ni manene ya kutisha, na shafti ya feni ni kama kalamu.

Tuchukue mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 15, yaani hosipawa 20, inayozunguka mara 1450 kwa dakika. Gawanya wati 15,000 kwa mwendo wa mzunguko, ambao ni kama rediani 152 kwa sekunde. Unapata karibu nyutoni mita 99. Ishike hiyo namba, tunatembea nayo mpaka mwisho.

PICHA INATENGENEZWAJE?

Programu inachukua shafti na kuikatakata kwenye kompyuta kuwa vipande vidogo vingi, maelfu, kama ukuta uliojengwa kwa vitofali. Kila kitofali kina kanuni nyepesi: ukinivuta hivi, nasogea hivi. Vitofali vinashikana kwenye pembe zao, kompyuta inatatua hesabu zote kwa pamoja, halafu inakwambia kila pembe imesogea kiasi gani. Njia hii inaitwa njia ya elementi finaiti, jina alilolitumia Ray Clough wa Marekani mwaka 1960. Siku hizi huhitaji kiwanda kuipata. FreeCAD na CalculiX ni programu za bure kabisa, na kompyuta ya kawaida yenye uvumilivu kidogo inaziendesha.

Mtu atauliza, mbona kwenye picha upande mmoja wa shafti umegandishwa ukutani wakati shafti halisi inazunguka? Swali zuri. Jifanye wewe ni sisimizi umekaa juu ya shafti, unazunguka nayo. Kwako wewe pale ulipokaa pametulia, unachokiona ni upande wa pili tu ukigeuka kidogo. Programu inafanya hivyohivyo. Inagandisha upande mmoja ili ipime tofauti kati ya pande mbili.

SASA TUPIGE HESABU YA KWELI

Shafti yetu ni ya chuma cha kawaida, kipenyo milimita 40, urefu mita 1. Ugumu wa chuma dhidi ya kusokotwa ni kama gigapaskali 80. Kanuni ya darasani inasema: zidisha toki kwa urefu, kisha gawanya kwa ugumu wa chuma uliozidishwa na namba ya umbo la shafti. Kimsingi ni wazo la mwaka 1784, pale Mfaransa Coulomb alipoonyesha kwamba waya ukisokotwa unagoma kwa kadiri ulivyosokotwa.

Jibu? Upande wa pili wa shafti unageuka nyuzi 0.28. Sio 28, ni sifuri nukta ishirini na nane! Alama iliyochorwa ubavuni mwa shafti pale mwisho inasogea kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua karatasi ya kuprintia, shika ukingo wake. Unene ule ndio msogeo wote wa shafti ikiwa kazini.

Sasa mwambie mtu atazame shafti ya mita nzima aone msogeo wa unene wa karatasi. Hataona kitu. Ndio maana programu inakuza. Inachukua kila msogeo na kuuzidisha, mara 100, mara 300, mara 1000, ili jicho lipate cha kuona. Programu nyingi zinajichagulia zenyewe hiyo namba ya kukuzia bila kukuuliza, ili tu picha ionekane vizuri kwenye skrini.

Mliosoma Jiografia mnalikumbuka hili kwenye usomaji wa ramani. Ukichora mkato wa milima ya Rubeho kwa kipimo kilekile cha ulalo na cha wima, mlima unakuwa kituta cha viazi. Mwalimu anakwambia ukuze wima. Mlima unatokea, mkali kama msumeno. Hakuna aliyesema mwalimu kadanganya, kwa sababu pembeni mmeandika umekuzwa mara ngapi. Kosa linaanzia pale mtu anapokata pembeni ya mchoro na kusambaza mlima peke yake.

Picha ya shafti ni hivyohivyo. Mara nyingi kwenye kona ya skrini pana namba ya ukuzaji. Ikipigwa picha kwa simu na kukatwa kona ili itoshee, ule ukweli nao umekatwa.

UVIMBE WA UONGO

Hapa ndipo patamu. Ule mdomo wa tarumbeta umewatisha wengi kuliko hata msokoto wenyewe. "Shafti inatanuka, itapasua beringi!" Jamani, haitanuki. Shafti ya mviringo ikisokotwa kwa kiasi hiki, kipenyo chake kinabaki kilekile. Uvimbe ule umezaliwa na ukuzaji.

Tumtumie mbuzi. Mbuzi kafungwa kwa kamba kwenye kigingi, kamba imekaza, anatembea kuzunguka kigingi. Njia yake ni duara, kamba haiongezeki hata inchi. Sasa mwambie asizunguke, anyooshe moja kwa moja kule alikokuwa anatazama. Hatua ya kwanza hutaona tofauti, kwa sababu kipande kidogo sana cha duara kinafanana na mstari ulionyooka. Lakini akienda hatua 300 kwa mstari huohuo, yuko mbali na kigingi na kamba imeshakatika zamani.

Programu kwa kawaida inapiga hesabu ya ile hatua ya kwanza tu, ambayo ni sahihi kabisa kwa sababu ni ndogo. Halafu wakati wa kuchora inaizidisha hatua hiyo mara 300 kwenye mstari ulionyooka. Kila nukta ya ubavu wa shafti inakimbia nje badala ya kuzunguka. Matokeo yake ni tarumbeta.

Kwa shafti yetu inakuwa hivi. Ukikuza mara 100, kipenyo cha mwisho kwenye picha kinakuwa kama milimita 44.6 badala ya 40. Ukikuza mara 300, kinafika kama milimita 71! Toki ni ileile, chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni namba moja ya kuchorea.

Na hata pembe ya msokoto kwenye picha haiaminiki. Nyuzi 0.28 mara 300 ungetegemea uone kama nyuzi 85. Ukipima kwenye picha utakuta kama 56. Ukuze hata mara milioni, ule mwisho hautavuka nyuzi 90, kwa sababu anayekwenda mstari ulionyooka hawezi kumaliza duara. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepima kwenye picha, imesokotwa nyuzi 50", mwambie kwa upole aweke rula chini.

Njia ya kuhakikisha ni nyepesi. Rudisha ukuzaji uwe 1. Kwenye FreeCAD dirisha la matokeo lina sehemu ya kuvuta ukubwa wa msogeo, na kwenye ParaView kuna sehemu ya kuandika namba. Ukiweka 1 na uvimbe ukapotea, ujue ulikuwa wa mchoro. Ukibaki, hapo sasa kaa chini ufikiri: toki au vipimo vimeingizwa vibaya, au kweli umeweka mzigo wa ajabu.

NA RANGI NYEKUNDU JE?

Nyekundu kwenye barabara ni simama. Kwenye picha hizi nyekundu maana yake ni "hapa ndipo namba kubwa kuliko sehemu nyingine za picha hii". Basi. Hata ukisokota shafti kwa vidole viwili, programu itatafuta palipo pakubwa na kupapaka nyekundu.

Kwa shafti yetu mkazo wa ubavuni ni kama megapaskali 8. Chuma cha kawaida, kwa mkazo wa aina hii ya kusokota, kinaanza kulegea moja kwa moja kwenye megapaskali 140 hivi. Kwa hiyo ubavu mzima wa shafti utapakwa nyekundu wakati umebeba chini ya sehemu moja ya kumi na tano ya uwezo wake. Ukiangalia rangi unatoka jasho, ukiangalia namba pembeni ya rangi unatulia.

Kuna na wekundu mwingine wa kuangalia kwa jicho kali, ule unaokaa pale shafti ilipogandishwa ukutani. Kwenye kona kama hizo namba inaweza kupanda kila unapokata vitofali vidogo zaidi, bila kufika mwisho. Huo ni ugonjwa wa namna tulivyoishika shafti kwenye kompyuta, kwenye chuma cha kweli hakuna ukuta kama ule.

SASA SHAFTI HUKATIKA KWA NINI?

Nasikia mtu anasema: "Dogo, mbona ya kwangu ilikatika kweli?" Sawa kabisa mzee wangu, shikamoo. Zinakatika. Ila mara nyingi zinakatikia pale ambapo ile picha ya tarumbeta haikuonyesha kitu.

Tazama mtaro wa kii, ule mfereji uliochongwa kwenye shafti ili kii ishike puli isizunguke yenyewe. Kwenye kona za mfereji ule mkazo unaweza kupanda mara 2 hadi 3, hasa kona ikiwa imechongwa kali bila kuviringwa. Mashine ikikwama ghafla na toki ikapanda mara 3, ile megapaskali 8 inakuwa 24, na kwenye kona ya mtaro inaweza kufika 70. Bado chuma hakijalegea. Lakini mchezo haujaisha.

Mkanda nao unavuta shafti kwa pembeni, kwa hiyo shafti inapindwa huku ikizunguka. Ubavu uliokuwa unavutwa, nusu mzunguko baadaye unabanwa. Kwa mizunguko 1450 kwa dakika, hiyo ni mara 87,000 kwa saa. Siku moja na nusu ya kusaga, saa nane nane, umeshavuka mara milioni moja! Chuma kinachoka. Ufa mdogo unaanzia kwenye kona ya mtaro, unatambaa kimyakimya, halafu siku ya foleni ndefu ya mahindi... paa!

Uchovu wa chuma si habari mpya. Mjerumani August Wöhler aliuchunguza kwenye ekseli za mabehewa ya reli miaka ya 1850 na 1860, na hata ekseli za treni ya umeme inayopita Kilosa tangu 2024 zinasanifiwa kwa kuzingatia elimu hiyohiyo.

Kwa hiyo shafti ikikatika usiitupe mbio. Itazame sura ya mkato. Ukiona mistari kama mawimbi yaliyoanzia kona moja, na sehemu ndogo ya mwisho imekwaruza, huo ni uchovu, na mwanzo wake ni pale mawimbi yanapokutana. Hapo dawa ya kwanza ni kona ya mtaro, beringi na kukaa sawa kwa puli na mkanda. Ukiweka shafti nene yenye mtaro uleule mkali na puli ileile iliyokaa upande, utakuwa umenunua muda kidogo kwa hela nyingi.

Ukitaka kuona kuvunjika kwa msokoto mtupu, chukua chaki nzima ya ubaoni uisokote kwa mikono miwili bila kuikunja. Itavunjika kwa mkato wa mshazari unaozunguka, kama nyuzi 45. Chuma laini kikizidiwa kwa msokoto wa mara moja hukatika bapa. Kila mvunjiko una saini yake.

Haki itendeke pia kwa unene. Unene una nguvu kweli. Kutoka milimita 40 kwenda 50, mkazo unashuka hadi karibu nusu. Na shafti iliyolika kutoka 40 hadi 36, mkazo umepanda kama asilimia 37. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu picha, pima kwanza shafti yenyewe kwa kalipa.

PICHA NZURI NAYO INAUA

Msije mkadhani hatari ni upande mmoja tu. Tarehe 23 Agosti 1991 huko Norway, jukwaa kubwa la zege la mafuta liitwalo Sleipner A lilizama likiwa kwenye majaribio. Uchunguzi ulionyesha kwamba hesabu za elementi finaiti zilikuwa zimepunguza mkazo kwenye kuta fulani kwa kama asilimia 47, kwa sababu vitofali vya kompyuta havikukatwa vizuri mahali penye shida. Hasara ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola. Hakuna aliyekufa, Mungu bariki. Pale kompyuta ilisema "shwari" na watu wakaamini. Kwenye shafti ya kijijini inasema "hatari" na watu wanaamini. Ugonjwa ni mmoja.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Mtu akikuletea picha ya shafti na bei mkononi, muulize taratibu:

1. Picha imekuzwa mara ngapi? Naomba nione ikiwa mara 1.
2. Ile nyekundu ni megapaskali ngapi, na chuma hiki kinavumilia ngapi?
3. Toki uliyoweka umeipata wapi? Mota yangu ni ya kilowati ngapi, inazunguka mara ngapi kwa dakika?
4. Mtaro wa kii umo kwenye mchoro, au umechora bomba laini tu?
5. Mvuto wa mkanda umo, au umesokota tu?

Akijibu yote matano kwa namba, huyo ni fundi, mlipe na umshukuru. Akikurudisha kwenye rangi, rudisha hela mfukoni.

Kwa leo naishia hapo, dakika zangu zinayoyoma. Mwenye shafti iliyokatika aeleze hapo chini sura ya mkato ilikuwaje na ilikatikia wapi, tusaidiane kuisoma. Na mainjinia mnaopita kimyakimya, msione aibu, mwageni darasa.

Nawasilisha.